Firigisi ya Bosko

Tangu mumewe afe, Rispah Nabwile alikuwa anaitikia kila kitu. Jeneza la kahawia? Sawa. Kaburi lichimbwe karibu na migomba? Sawa. Walipomsimamisha mbele ya watu kule Bumula, kwa ukoo wa mumewe, ili amlilie marehemu jinsi mjane anavyotarajiwa, alisimama mikono imelegea na macho makavu, mpaka mama mmoja wa ukoo akamfinya kiunoni ili kumsaidia. Hakulia. Watu wakasema yao, maana matanga bila umbea hayajakamilika. Wengine walisema hakumpenda. Wengine walisema ni mshtuko, atalia akifika nyumbani. Ndani ya Rispah mwenyewe palikuwa pamekufa ganzi, na ungemwomba akuonyeshe anapoumwa asingepaona.

Si kwamba hakumpenda Wakoli. Walikutana soko la Chwele, wote wawili wakiuza kuku, na Wakoli alimnyang'anya wateja mpaka alipoona ni rahisi zaidi kumuoa. Wakahamia Kitale, wakapata ploti ndogo ng'ambo ya mtaa wa Kipsongo, pale ardhi inapoteremka kwenda kwenye kijito na kichaka chake. Wakoli alilinda ghala la mahindi. Rispah alipika chai na githeri ya mahindi na maharagwe, akawauzia vibarua wa Kipsongo alfajiri kabla hawajachukuliwa kwenda mashambani. Nyuma ya nyumba walifuga kuku, na mbwa wa kuwalinda hao kuku. Bosko aliletwa akiwa mtoto ndani ya koti la Wakoli, kabadilishwa kwa jogoo huko huko Chwele, na Rispah alinuna siku nyingi kwa ajili ya yule jogoo. Kidosho, jike mwembamba mwenye kelele, alijileta mwenyewe na hakuna aliyepata nafasi ya kumfukuza.

Kuku alipochinjwa katika nyumba ile, firigisi ilikuwa ya Wakoli. Kwa Wabukusu hilo halina mjadala. Firigisi, yaani imondo, ni ya mwenye mji, na akija mgeni mwanamume wa kuheshimiwa huwekewa yeye. Mwanamke haionji. Mgeni huyo akiletewa kuku asiione, ametukanwa, hata kama amejaziwa mapaja yote mawili. Wakoli alikuwa na tabia ya kuikata katikati. Nusu alikula yeye, nusu aliidondosha chini ya meza alikolala Bosko, akidhani mkewe haoni. Mkewe alikuwa anaona miaka yote.

Basi jioni moja, miezi michache baada ya maziko, akaja Wanjala, mdogo wa marehemu. Wanjala ni mtu wa sauti kubwa, na akiingia mahali hutafuta kiti kikubwa kwanza. Akakaa kwenye kiti cha Wakoli, akanywa chai, akafuta midomo.

"Mama Emmy, ukoo umekaa ukaongea," akasema. "Hii nyumba haina mwanaume. Sasa wewe utakaa hapa na nani?"

Rispah alitazama sakafu.

"Kesho pikapu inakuja. Tunapakia vitu, unarudi Bumula kwa watu wako. Hapa nitaweka mpangaji."

"Sawa."

"Na hizi mbwa zinabaki. Nyumbani mbwa ni mingi, bana."

"Sawa."

Emmy, binti yake aliyeolewa Nakuru, alikuwa amempigia simu asubuhi hiyo hiyo akamsihi asikubali kuhamishwa. Hata huyo Rispah alimjibu sawa. Ndivyo alivyokuwa siku hizo, angekubaliana na wewe na adui yako kwa pumzi moja. Lakini akili ilikuwa nzima. Alijua kwamba akipanda pikapu ile hatarudi Kitale. Jiko lake la githeri litazimika, ataishi uani kwa Wanjala akiombwa maji ya kunawa, na Bosko, aliyezeeka na mguu mmoja wa nyuma umekakamaa, atakufa njaa mlangoni pa mpangaji. Alilijua hilo kama anavyojua leo ni siku gani, na halikumuuma.

Asubuhi, kumeshapambazuka, Rispah alikuwa nyuma ya nyumba anakusanya kuni. Wanjala, aliyelala hapo, akatokea mlango wa nyuma, taulo shingoni, anaelekea chooni. Njia ya chooni inapita kando ya banda la kuku. Alipofika hapo akasimama. Ubao wa banda ulikuwa umeng'olewa, manyoya yametapakaa, na katikati ya manyoya palikuwa na mnyama mfupi mwenye mgongo mweupe na tumbo jeusi, ana kuku mdomoni, anamtazama Wanjala bila haraka yoyote.

Alikuwa nyegere. Sasa, nyegere hana ukubwa wa kumtisha mtu, lakini huko kwetu kila mwanamume ameambiwa tangu utotoni kwamba mnyama huyo akikasirika humshika mwanamume pabaya na haachii. Kama ni kweli, waulize walioshikwa. Wanjala hakungoja kuuliza. Taulo lilianguka, na kabla halijatulia chini mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na Rispah akasikia komeo likisukumwa kwa ndani. Yeye alikuwa bado nje, na kuni mkononi.

Hakuogopa. Angalau ganzi hiyo ilimfaa. Alisimama tu akamwona Bosko akitoka chini ya mgomba, anachechemea, hata habweki, akaenda moja kwa moja akamkamata yule mnyama shingoni. Ngozi ya nyegere imelegea kama koti la kuazima. Aligeuka ndani yake akamng'ata Bosko begani. Kidosho alikuja kwa nyuma akipiga mayowe, anauma na kuruka, anauma na kuruka. Vumbi likatimka, harufu mbaya ikajaa ua mzima. Bosko alirushwa, akainuka. Akarushwa tena, akainuka tena. Alisimama kati ya nyegere na shimo la banda, na hapo hakuondoka. Mwishowe yule mnyama alimtema kuku, akakoroma, akateremka kwenda kichakani mwendo wa mtu aliyechoshwa na wajinga.

Rispah akagonga mlango.

"Imeenda?" Wanjala aliuliza kutoka ndani.

"Imeenda."

"Una hakika, Mama Emmy?"

"Fungua."

Kuku aliyetemwa alikuwa amevunjika bawa lakini anapumua. Rispah akachukua kisu akamchinja hapo hapo, kwa sababu mgeni hasafirishwi na njaa. Akawasha moto kwenye kibanda cha jikoni. Bosko alijikokota akaja akalala kando ya mafiga, bega limechanika, sikio linaning'inia. Rispah alimwosha kwa maji ya chumvi. Akampa ugali, akakataa. Akampa maziwa, akageuza kichwa.

Wakati huo pikapu ilikuwa imefika. Dereva, kijana mmoja wa Kimilili aliyeitwa Wanyonyi, alikuwa anafunga kabati la vyombo kwa kamba, na Wanjala, sauti imemrudia, anamwelekeza. Rispah alimpasua kuku, akaisafisha firigisi, akaichoma juu ya makaa. Ilipoiva akaikata katikati. Nusu akaishusha chini, mbele ya pua ya Bosko. Bosko akanusa, akaila polepole. Rispah akampa na nusu ya pili. Hakuwa na mpango wowote kichwani. Mkono ulijiendea.

Wakaketi kula. Wanjala akachovya kijiko kwenye bakuli, akapekua. Akapekua tena, akainua shingo ya kuku, akainua kidari, akatazama chini yake.

"Shemeji, imondo iko wapi?"

"Imekuliwa."

"Imekuliwa na nani?"

"Bosko."

Wanyonyi aliacha kutafuna. Wanjala akaweka kijiko chini.

"Ati mbwa? Imondo yangu unapatia mbwa?"

Rispah akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike. "Nimepatia mwanaume mwenye alitoka nje," akasema.

Wanyonyi alijifanya anakohoa. Halafu ikasikika sauti nyingine, nyembamba, na ilimchukua Rispah muda kutambua kwamba ni yeye anayecheka. Alilikumbuka taulo. Alimkumbuka Wakoli na nusu yake ya firigisi chini ya meza, uso mkavu, anajidai anatafuta chumvi. Kicheko kikakatika katikati, kikawa kilio. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, sahani ya ugali mapajani. Ilimuuma, sasa aliweza kukuonyesha mahali, chini ya mbavu, na ilimuuma sana.

"Sasa unalia nini?" Wanjala akauliza, ameudhika na ameogopa pamoja. "Kula haraka tuende."

"Siendi."

"Si ulisema sawa?"

"Nimesema siendi." Akajifuta kwa kanga, machozi yakaja mengine. "Wanyonyi, shusha hiyo kabati."

Wanyonyi akamtazama Wanjala, akamtazama yule mama, akanawa mikono akaenda kufungua kamba. Wanjala alibaki mezani. Alikula mapaja yote mawili, akaondoka na pikapu tupu, na kule Bumula, kwa kadiri ninavyojua, hajasimulia habari ya komeo.

Mchana Rispah alimwita daktari wa mifugo akamshona Bosko. Jioni akapepeta maharagwe ya githeri akayaloweka kwa ajili ya vibarua. Alikuwa bado analia, na hakuna aliyemfinya kiunoni.