Kaseti Iliyongoja Kompyuta

Nimekaa katika mikutano mingi, ya kanisa na ya serikali, lakini iliyonichosha kuliko yote ni ile ya Bunda. Tulikuwa tunapanga jinsi wasanii wa mkoa wetu watakavyotumia kompyuta, na isipokuwa mtu mmoja, hakuna kati yetu aliyewahi kuiona ikiwaka.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Vitu vilikuwa vimerudi madukani, na nyimbo nazo zilikuja kama bidhaa nyingine, kaseti za Nairobi na za Kinshasa zikipangwa mezani stendi karibu na nguo za mitumba. Mtu huyo mmoja alikuwa mama afisa utamaduni kutoka Musoma. Alikuwa amepelekwa kozi Dar es Salaam, akarudi na moto. Alisema wakati unakuja ambapo wimbo utakaa ndani ya mashine bila kukwaruzika, na mtu aliye mbali atausikia bila yeyote kuubeba. Tusipojipanga mapema tutabaki kununua nyimbo za wenzetu. Mimi nilikuwa katekista na mwalimu wa kwaya katika kijiji kimoja cha upande wa Butiama. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikafanywa katibu.

Tulikutana darasani, tumekalia viti vya watoto, magoti yamepanda kifuani. Mchoraji wa mabango kutoka Manyamanyama hakukosa neno.

"Mama, hiyo mashine inakulaga nini?"

"Umeme."

"Basi itatangulia kufa njaa. Kwangu hata kibatari kinafunga Kwaresima."

Watu wakacheka. Mama afisa hakucheka. "Mwalimu, andika. Kipengele cha tatu: umeme."

Nikaandika. Kila mkutano tulisoma tuliyokubaliana mkutano uliopita, tukayakubali upya, tukanywa chai, tukatawanyika. Nilirudi nyumbani miguu imevimba. Mke wangu alinikandia kwa maji ya moto, akauliza kama mashine imekuja. Nilimwambia Mungu hana haraka. Nadhani nilikuwa naiambia nafsi yangu.

Siku moja mama afisa aliuliza tutaingiza nini kwanza, mashine ikija.

"Sauti ya Mwalimu akisoma kumbukumbu za vikao," alisema mchoraji. "Mashine ilale usingizi."

Nilingoja kicheko kiishe, nikasema kwamba ninayo kaseti moja.

Niliirekodi miaka ya dhiki, tulipokuwa tunapanga foleni kwa kipande cha sabuni. Jirani yangu alikuwa mpigaji wa litungu, ala yetu ya nyuzi nane. Aliimba na mkewe. Yeye alitupa mstari, na mke akajibu kutoka alipo, hata akiwa anasaga au anafukuza kuku. Watu walikuja kumsikia mke anavyojibu, maana siku nyingine alimsuta mumewe humo humo ndani ya wimbo, na mume akaendelea kupiga huku anacheka. Nilitamani sauti zile zisipotee. Lakini kaseti mpya haikupatikana kwa sala wala kwa fedha. Padre akaniruhusu kutumia kaseti ya mafundisho ambayo tulikuwa tumekwisha kuisikia mpaka tukaikariri. Nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi na ugali, ili ikubali kurekodiwa. Betri za redio ya parokia nikazianika juu ya bati siku mbili zipate nguvu.

Siku betri zilipopata nguvu, mke wa jirani alikuwa amekwenda msibani kwao. Betri zisingemngoja. Jirani yangu akaimba peke yake. Kila palipokuwa na jibu la mkewe alinyamaza, vidole vikaendelea kupiga, kisha akaingia tena. Mwisho alisema, "Akirudi atajaza mwenyewe." Hakujaza. Betri zilikufa wiki ile, na mwaka uliofuata tulimzika jirani yangu.

Nilipomaliza kueleza, mama afisa alisimama. Alisema mashine inaweza kuchukua sauti mbili zilizoimbwa siku mbili tofauti ikaziweka pamoja, kama watu waliosimama bega kwa bega. Mjane aletwe ajibu, na sauti zitaungana. Nilipompelekea mjane habari hiyo alikuwa anapepeta ulezi. Ungo ulisimama.

"Nitaimba naye?"

"Ndivyo alivyosema mama wa Musoma."

"Na yeye yuko kaburini?"

"Sauti yake ninayo mimi."

"Basi itunze, Mwalimu. Itunze kama mbegu."

Niliitunza kama mbegu, neno kwa neno. Kwetu kitu cha mwaka ujao hukaa juu ya uchaga wa jikoni, juu ya mafiga, ambako moshi hauruhusu mdudu. Mkoba wa nguo huliwa na mchwa, sanduku huliwa na panya, lakini sikuwahi kuona mbegu ya uchagani ikiharibika. Nilitafuta chungu kidogo, nikatia ulezi wa mbegu, nikalaza kaseti katikati, nikamimina ulezi mwingine juu, nikaziba mdomo kwa samadi. Nilikipandisha mwenyewe. Nilifanya ishara ya msalaba, nikashuka nikiwa na amani. Mke wangu alipika chini yake asubuhi na jioni, mvua baada ya mvua, nasi tukaendelea na vikao.

Mashine ilikuja nilipokuwa nimeacha kuulizia. Nilishusha chungu, na bila kukifungua nikakifunga kwenye kanga, nikaenda Musoma na mjane. Alikuwa amevaa nguo zake za Pasaka. Njiani alikuwa anaimba kwa ndani, midomo ikitikisika tu, akijaribu majibu.

Ofisini mama afisa alibandua samadi, akamimina ulezi kwenye gazeti. Kaseti ilitoka imejipinda kama jani la tumbaku. Aliigeuza mara mbili. Utepe ulikuwa umeshikana, mweusi.

"Mwalimu," alisema polepole, "hii imepikwa."

Nimewazika watu wengi na kuwafariji wafiwa, na siku hiyo sikupata hata mstari mmoja wa sala. Nilitazama ulezi kwenye gazeti. Ulikuwa safi, haujatobolewa hata punje.

Mjane aliishika kaseti, akaiweka mapajani. Kisha akauliza kama mashine imekwisha washwa.

"Imewashwa, mama. Lakini yeye hayupo."

"Mimi nipo. Nitajibu."

Akasogezwa kwenye kipaza sauti. Alinyamaza kwa urefu wa mstari mzima, kichwa ameinamisha, ndipo akajibu. Akanyamaza tena, akajibu. Mahali pamoja alicheka, akasema, "Mwongo wewe!" kisha akaendelea. Nilikuwa najua wimbo ule. Vituo vyake havikupungua wala kuzidi. Kwenye kioo cha mashine sauti yake ilichora vilima, na kati ya kilima na kilima mstari ulionyooka.

Alipomaliza, mama afisa alipangusa macho, akasema kwa upole, "Haya mapengo ninaweza kuyakata, wimbo ushikane vizuri."

"Usiyakate. Hapo anaimba."

Nikaandika katika kumbukumbu kwamba wimbo wa kwanza umeingizwa. Mchoraji aliposomewa kikao kilichofuata hakutania.

Tulishuka njia panda ya Butiama jua linashuka. Tulikuwa tumetembea kitambo, mimi nimebeba chungu kitupu, yeye ulezi ndani ya gazeti, aliponiuliza nilikuwa nimekiweka wapi.

"Uchagani, shemeji. Juu ya moto. Nisamehe."

"Kwani ungeweka wapi pengine?" alisema. "Hata mimi ningeweka hapo hapo."

Aliniomba ule ulezi aliobeba. Nilimwachia wote, na mvua zilipoanza aliupanda nyuma ya nyumba, karibu na kaburi. Uliota wote.