Akiba Aliyoipunguza Mureithi

Mureithi hakufukuzwa kazi, wala hakuuza majina ya watoto wa watu kwa wenye maduka ya dawa. Yote mawili yanasemwa mtaani Mbotela na watu ambao hawakuwahi kukaa naye hata dakika kumi, na mwaka huu yamemfikia binti yake Wanja huko maabara anakofanya kazi. Mwenzake alimwuliza mbele ya wengine, "Kumbe wewe ndio mtoi wa yule jamaa aliuza data ya watoto?" Wanja alirudi nyumbani asitake chakula. Mama yake, Mwalimu Waruguru, alikuwa amechagua kunyamaza kwa miaka sita tangu amzike mumewe. Siku hiyo alizima redio akamwambia binti yake akae, maana asiposema yeye, mtoto angebaki na baba wa kusimuliwa na mtaa.

Alianza na kazi yenyewe, kwa sababu uvumi wote ulitokana na kutoielewa.

Watu walijua tu kwamba Mureithi ana kompyuta, basi wakamletea simu zilizoingia maji. Alizifungua, akazipangusa kwa spiriti, akazirudisha bila kudai kitu. Kazi yake halisi haikuonekana. Aliandika ile programu ya ndani kabisa ya kifaa, inayochukua maandishi kutoka kwenye kumbukumbu na kuyashusha kwenye diski yasipotee stima ikikatika. Nzembi, aliyeuza sukuma wiki langoni, hakuchoka kuuliza.

"Mwalimu, huyu mzee wako amekaa ndani kama mwali. Anafundwa nini?"

"Anaandika."

"Miaka yote hii? Huyo anayeandikiwa ana bahati."

Waruguru mwenyewe hakuielewa kazi hiyo hadi jioni moja ya msimu wa mitihani. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko, na meza moja tu. Madaftari ya kidato cha tatu yalikuwa yamejaa mezani, nguo zilizopigwa pasi zimejaa kitandani, kiti kimoja kimebeba kompyuta na kingine mashati, na sakafuni Wanja alikuwa akitambaa. Waruguru akatoka jikoni na sufuria ya moto mikononi. Ili apate pa kuiweka, ilimbidi aondoe madaftari. Ili aondoe madaftari, ilimbidi kwanza aiweke sufuria. Akasimama pale katikati ya chumba. Mureithi alicheka, kisha akaona vidole vya mkewe vinaungua, akaipokea sufuria kwa upindo wa shati.

"Hivi ndivyo kifaa kinavyokwama," alimwambia huku akimpulizia vidole. "Kumbukumbu ikijaa, programu yangu ndiyo hutumwa ipeleke vitu kwenye diski ili nafasi ipatikane. Lakini nayo inahitaji kanafasi ka kufanyia kazi. Ikiomba, inaambiwa ngoja nafasi ipatikane. Nani ataipata, na anayeitafuta ndiye anayengojeshwa?"

"Sasa unafanyaje?"

"Natenga mapema. Kanafasi kadogo, hakaguswi na mtu, hata nyumba ikijaa namna gani."

Kesho yake alileta stuli, akaiweka pembeni mwa jiko, akapiga marufuku kitu chochote kuwekwa juu yake. Nzembi aliiona tupu mwezi mzima, akashindwa kuvumilia.

"Mnamngojea nani?"

"Sufuria," Mureithi akamjibu.

Miaka ikapita. Kampuni moja ndogo ikamwajiri atengeneze visanduku vya kuwekea rekodi za kliniki, na kimojawapo kikapelekwa Njiru, kwenye kliniki iliyohudumia watoto. Kisanduku kilikuwa cha bei nafuu, na kumbukumbu yake finyu. Mureithi alitenga kurasa mia mbili za akiba, ukurasa kwa maana ya mafundi wa kompyuta, yaani kipande kidogo cha kumbukumbu. Kila ukurasa aliouweka akiba ulikuwa umepunguzwa kwa wauguzi, na kioo walichosomea rekodi kikawa kizito kufungua majina. Siku za kliniki foleni ilitoka hadi nje kwenye jua.

Mtu mmoja akamwomba aipunguze hiyo akiba. Mureithi hakukubali wala kukataa. Alikwenda Njiru kujionea. Alimkuta mama mwenye mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, amesimama akingoja jina moja lifunguke. Alirudi Mbotela, akaketi mezani, akaishusha akiba kutoka mia mbili hadi sitini.

"Zinatosha?" Waruguru alimwuliza.

"Siku za kawaida zinatosha."

Kwa wiki tatu kioo kilikuwa chepesi, na wauguzi wakamtumia salamu za shukrani. Kisha ikaja siku ya chanjo, na watoto wakaja mara tatu ya kawaida. Kumbukumbu ikajaa, programu ikataka nafasi ya kushusha maandishi, zile kurasa sitini zikaisha, kifaa kikaganda. Muuguzi aliyechoka akakizima akakiwasha. Maandishi ya watoto arobaini na mmoja, kazi ya asubuhi nzima, yakapotea.

Alasiri hiyohiyo Mureithi alimpigia mkubwa wake. Waruguru alikuwa kando yake, alisikia kila neno.

"Ni mimi niliyepunguza akiba."

Upande wa pili uliuliza nani alimwambia apunguze.

"Mkono ulioandika ni wangu," alisema, na hakuongeza.

Hakufukuzwa. Alipewa wiki moja arekebishe, na siku nne za wiki hiyo alizimalizia Njiru. Muuguzi Fowsiya aliwapigia simu akina mama, nao wakaja na vitabu vya kliniki vya watoto wao. Jumamosi Waruguru alifuatana naye. Mwandiko wa wahudumu ulimshinda Mureithi, lakini mwalimu aliyesahihisha insha miaka ishirini hashindwi na mwandiko. Alisoma kwa sauti, mumewe akachapa. Kila rekodi ya mtoto ilipokamilika, Mureithi alimwomba mama wa mtoto huyo msamaha yeye mwenyewe, jina kwa jina. Mmoja alimwambia, "Baba, si ni kompyuta tu," na yeye akajibu kwamba kompyuta haina adabu isipofundishwa. Watoto thelathini na tisa waliletwa. Wawili waliobaki aliwatafuta nyumba kwa nyumba hadi akawapata.

Watu walipomwona akiingia na kutoka kliniki na majina ya watoto kwenye karatasi, ndipo mtu aliposema yanauzwa.

Aliirudisha akiba, lakini si yote. Aliweka kurasa mia na ishirini, kisha akakifundisha kifaa kuwapunguza mwendo wanaoandika, kidogokidogo, kabla nafasi haijaisha. Foleni ikarefuka kidogo, naye akakubali hivyo. Aliacha kazi miezi minane baadaye kwa sababu ya figo, na barua ya kuacha aliiandika mwenyewe. Siku za mwisho hospitalini aliomba mkewe amsomee chochote, hata insha za wanafunzi, ilimradi asikie sauti yake.

Wanja alikuwa analia bila kuficha. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Mama, huyo mtu aliyemwomba apunguze ni nani?"

Waruguru aliinuka akaanza kumpakulia chakula.

"Unamjua. Ukimtaja, hakuna atakayemsema baba tena. Nitawaambia wote pale kazini."

"Waambie hakuuza. Waambie alipunguza akiba, akakosea, akawatafuta watoto arobaini na mmoja, akawapata."

"Na jina?"

"Baba yako alisema ni yeye. Hilo sitaliongezea neno, leo wala kesho. Nenda ukale."