Niliingia Kompyuta ya Bibi Yangu Nimtishe Mwanaume wa Mkutano

Admin, ficha jina langu kabisa, maana hapa Tawa tunajuana mpaka kuku. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, fundi wa kushona nguo, nina bibi na watoto wawili. Bibi yangu, nimwite Mutheu, ameajiriwa na kampuni inayouzia wakulima vifaranga. Yeye ndiye hutuma zile meseji za "vifaranga vimefika" kwa wateja wa Makueni na Kitui, akitumia programu fulani ya matangazo kwa kompyuta.

Sasa wenye hiyo programu kila mwaka huita wanaoitumia kwa mkutano Nairobi, siku tatu, hotelini. Mutheu ameenda mara tatu. Hurudi na tisheti, kikombe na beji ya jina lake, na hizo beji anazitundika kwa msumari juu ya kitanda chetu. Picha ya harusi iko chini ya kabati! Na kwa kila picha ya mkutano, kando yake kuna jamaa wa hiyo programu, Dominic, meno nje, suti imemkaa. Hiyo suti ndiyo iliniuma zaidi. Nilikuza picha nikitafuta kasoro kwa mshono, sikupata hata moja. Jamani niliona wivu mpaka chakula hakishuki. Nikiuliza, Mutheu anasema, "Baba Mwende, si ni kazi tu? Huyo hutufundisha." Kufundishwa gani huko kwa kucheka hivyo?

Jumamosi iliyopita mchana, akiwa mazoezi ya kwaya, nilifungua kompyuta yake. Nikaingia kwa programu, nikatafuta jina la Dominic, maana naye yumo kwa orodha ya wanaotumiwa meseji, nikaandika: "Wachana na bibi yangu. Najua mambo yenu. Ukimsogelea tena utaniona." Nikatuma. Kumbe sikuchagua Dominic peke yake, nilichagua wateja wote. Simu yangu ikalia mfukoni, maana hata mimi Mutheu aliniandikisha. Nikajisomea vitisho vyangu mwenyewe, kwa jina la kampuni. Woi!

Pasta wetu hununua vifaranga hapo. Alipigia Mutheu simu: "Bwana asifiwe mama, kwani mimi nimesogelea nani?" Mama mkwe wangu kule Kanyangi alitaka kujua ni bibi ya nani. Mkulima mmoja wa Migwani, bibi yake aliona hiyo meseji akafunga virago akarudi kwao. Mutheu alilia sana, akasema ni wahuni wa mtandao wameingia. Nikamshika bega nikamwambia, "Wahuni ni wabaya." Mungu anisamehe.

Mkubwa wake amempa barua, alete maelezo ama kazi iishe. Jana Dominic akapiga, nikasikia kila kitu: "Mutheu, usijali. Kila meseji huacha alama, saa na kompyuta iliyotumika. Ukikuja mkutano Alhamisi tutaangalia pamoja." Na saa ile meseji ilitoka, nyumbani nilikuwa mimi tu.

Kinachonimaliza ni kwamba ameniletea kitambaa cha bluu nimshonee suti ya kwenda nayo. Akasema, "Mwaka huu wakiniuliza fundi ni nani, nataka niseme ni bwana yangu." Kwa miaka hiyo yote sikuwa nimewahi kumshonea nguo ya mkutano, kwa hasira tu.

Nimeshakata kitambaa. Nikisema, ataniacha. Nikinyamaza, atanipata kwa kompyuta ya Dominic, akiwa amevaa suti yangu. Nyinyi mlio kwa ndoa nishaurini: nimwambie leo, ama niendelee kushona?