Mpangaji wa Aldersby

Tangu mwanzo wa ndoa yao, Bi Kaltham alijua kuwa mumewe ana mji moyoni. Bwana Amur hakuwa msemaji, lakini akipata mgeni wa kumsikiliza na kikombe cha chai ya maziwa, ataufungua Aldersby kama mtu anavyofungua kasha la nguo za Idi, akitoa moja moja na kuinusa.

Aldersby ni mji mdogo wa soko, kaskazini ya Uingereza. Bwana Amur alifika huko mwaka sitini na tatu, kijana wa Malindi, Unguja, aliyepata nafasi ya kusomea kilimo. Hajamaliza msimu wake wa kwanza wa baridi, yakatokea yaliyotokea kwao: nyumba ikachukuliwa, baba akafa kizuizini, mama na ndugu wakatawanyika. Pa kurudi hapakuwapo tena. Akabaki Aldersby miaka kumi, katika chumba cha juu kwa mjane mmoja aitwaye Misis Hobson. Huko, akiwahadithia wageni, siku ya soko ng'ombe hupitishwa katikati ya mji mpaka kinamama hulazimika kuingia madukani kuwapisha. Huko mwoka mikate humjua kila mtu kwa jina. Huko mvua hunyesha bila kelele.

Bi Kaltham hayo yote aliyasikia kwa nyuma ya mlango wa jiko. Yeye mwenyewe hakuhadithiwa hata mara moja.

Aliletwa Oman kutoka Wete akiwa na miaka kumi, na meli iliyojaa watu waliokuwa wakilia na kutapika. Akakulia Birkat al Mauz kwa ami yake, chini ya jabali, baina ya migomba na mfereji wa falaji, na watoto wa jirani walimcheka Kiarabu chake mpaka akajifunza kunyamaza. Alipotimiza ishirini, ami yake akamwita ukumbini akamwambia, "Kuna kijana wetu, msomi, anarudi kutoka Ulaya. Watu wake wamekwisha pelekewa habari kuwa tumeridhia." Harusi ikafanyika. Bwana Amur akapata kazi ya serikali Nizwa, mambo ya mitende na maji, nao wakakaa hapo hapo Birkat al Mauz. Wakazaa watoto watano, mmoja wakamzika akiwa bado ananyonya. Hakumpiga mkewe, hakumtukana, hakumnyima. Watu wakisema, "Kaltham kapata mume," naye akiitikia alhamdulillahi.

Maradhi yalikuja taratibu, kama maji yanavyoingia chini ya mkeka. Kwanza alisahau majina ya wajukuu. Kisha njia ya msikitini, aliyoipita miaka arubaini. Kiarabu kikamtoka, kilichokuwa hakijaota mizizi mirefu. Bi Kaltham alijipa moyo kuwa Kiswahili hakitamtoka, kwani ndicho alichonyonya. Nacho kikatoka. Aliamka asubuhi moja akamtazama mkewe aliyembebea uji, akaona haya, akavuta shuka kujifunika kifua, akasema kwa Kiingereza safi, "Samahani, Misis Hobson. Nimeingia na matope tena."

Daktari wa Nizwa alisema ubongo unasinyaa, na kwamba yaliyoingia ujanani aghlabu ndiyo ya mwisho kutoka. Bi Kaltham aliuliza ikiwa upo uwezekano wa kurudi. Daktari akasema yakitoka hayarudi.

Shida ilikuwa lugha. Bi Kaltham alijua Kiswahili, Kiarabu, na Kiingereza cha dukani. Nyumba ambayo kwa miaka karibu hamsini ilikuwa ikiongea Kiswahili cha Unguja ikawa haina anayeielewa sauti ya mwenyewe. Mumewe akiomba maji, yeye anamletea mto. Akilalamika anaumwa, yeye anamfungulia dirisha. Na usiku alimkataza kuingia chumbani, kwa heshima, kama kijana anavyomkataza mwenye nyumba wake. Bi Kaltham akawa analala ukumbini, kwenye godoro mbele ya mlango, ili akitoka amsikie.

Ni Wijdan, binti yao wa mwisho, mwalimu wa skuli ya hapo Birkat al Mauz, aliyeugundua ukurasa. Alikuja mchana mmoja na simu mkononi.

"Mama, tazama. Nimekuta watu ya Aldersby kwenye Facebook. Waliokaa zamani, waliopita kutembea. Wanaweka picha, wanakumbuka."

"Watu *wa* Aldersby," Bi Kaltham akasema, kwa mazoea tu. "Hebu mwoneshe babaako."

Walimwekea simu mbele ya uso. Ilikuwa picha ya uwanja wa soko, mabanda ya turubai, kanisa nyuma yake, mbwa amelala. Bwana Amur aliitazama. Uso wake, uliokuwa umejifunga kama duka la marehemu, ukafunguka. Akaanza kuonesha kwa kidole: pale, na pale, na pale juu. Akacheka. Bi Kaltham hakukumbuka kuuona mlango ule wa uso ukifunguka kwa ajili yake, na aliondoka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Lakini kesho yake alimwambia bintiye, "Nisomee na mimi wanavyosema."

Ikawa ada. Kila baada ya asri Wijdan husoma na kufasiri. Mmoja alikumbuka harufu ya mikate alfajiri akienda skuli. Mwengine, aliyepita siku mbili tu na mumewe katika fungate, alisema hajapata kula jibini kama ile tena duniani. Mzee mmoja aliyehamia Australia alisema hulala akihesabu maduka ya njia kuu, upande wa kulia kisha wa kushoto. Wote waliusifu mji.

"Hakuna aliyepata taabu huko?" Bi Kaltham akauliza.

"Labda waliopata taabu hawaandiki, Mama."

Akajifunza. Katika umri wa miaka sitini na tisa, na magoti yake mabovu, Bi Kaltham alijifunza maneno ya Kiingereza kwa mdomo wa bintiye: njaa, baridi, maumivu, choo, nipe mkono, lala sasa. Alijifunza na majina ya njia za Aldersby. Alijifunza kuchoma mkate na kuupaka siagi mpaka ukingoni, kwani mpangaji wake wali hautaki, mchuzi wa papa unamtia kichefuchefu. Akimwita Misis Hobson, huitika. Lililomuuma kuliko yote ni sala. Alimtandikia msala, akamsimamisha, akamshika mikono. Naye akamtazama kwa adabu, kama mtu aliyeingizwa katika nyumba ya watu wa dini nyengine.

Ijumaa walimpeleka soko la mbuzi la Nizwa, kwani ndipo alipotulia. Wanunuzi hukaa duara, wauzaji huzunguka wakiburura wanyama na kunadi, vumbi linapanda, na Bwana Amur husimama kati yao akiwa na furaha ya mtu aliyefika kwao. Aliwasalimu wabedui kwa Kiingereza. Wengine walimcheka, wengine walimpa mkono. Ijumaa moja ya mwezi wa sita Wijdan aligeuka kulipa, alipogeuka tena babaake hayupo.

Walimtafuta mpaka jua likawa linachoma kama bati. Polisi walimkuta njia ya kwenda Tanuf, hana viatu, nyayo zimebabuka, anakwenda kwa haraka. Alipotiwa garini alipigana. Alipoletwa nyumbani alimuomba Misis Hobson samahani kwa kuchelewa. Mto, alisema, umefurika na daraja limefungwa. Bi Kaltham alimuosha nyayo katika beseni, ngozi ikawa inatoka pamoja na maji, naye hakulia ila alisema tu, moja katika maneno aliyofundishwa, "Maumivu? Maumivu?"

Tangu siku ile mlango wa nje ukafungwa kwa ufunguo. Na mtu akifungiwa, hata awe mpole vipi, hubadilika. Alfajiri moja mzee alimkuta Bi Kaltham amelala mbele ya mlango akamdhania mwizi, akamkanyaga na kumsukuma ukutani. Kifundo cha mkono kikavunjika.

"Basi, Mama," Wijdan alisema hospitalini, macho yamemvimba. "Tuajiri mtu. Mwanamume, mwenye nguvu. Hata Kaka Saud kasema."

"Saud yuko Maskati. Na aseme akiwa Maskati."

"Mama, wallahi atakuua."

"Mwanamume wa kuajiriwa amuoshe mume wangu, na mimi ni hai?" Hapo akakipakata kifundo, kwani kilikuwa kinampiga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na huyo mtu hatajua kuitika."

Wakarudi nyumbani. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, joto limeanza kuvunjika, na Bwana Amur alikuwa amedhoofu kiasi cha kubebeka. Mchana mmoja Bi Kaltham alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, nguo zake amezitoa zote kabatini, zimelundikana magotini. Wijdan alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Mzee aliinua uso, akaanza kusema. Alisema mengi, kwa uchungu, akimshika Bi Kaltham mkono ule mzima. Bi Kaltham alidaka neno hapa na pale: nyumbani. Msichana. Sitaki.

"Kasema nini?" akauliza bila kugeuka.

Wijdan akarudi nyuma hatua moja na sinia yake.

"Wijdan. Babaako kasema nini?"

"Mama, hajui anachosema."

"Nimekuuliza kasema nini. Sikukuuliza kama anajua."

Sinia ikawekwa chini. Wijdan alifasiri akiwa ameukabili ukuta. "Anasema wameleta simu ya upepo, telegramu. Ndugu zake. Wanataka arudi Oman, wamemposea msichana. Anasema hamjui huyo msichana, hajapata hata kumwona. Wanamsifu kuwa ni mtoto wa watu. Anasema hana kosa lolote huyo, lakini yeye hataki. Anasema... anasema kwake ni hapa, Misis Hobson, na akienda atakuwa anakwenda kufa. Anakuuliza afanye nini."

Nje, maji ya falaji yalikuwa yamefunguliwa zamu ya jirani, yakisikika yanapita chini ya ukuta. Bwana Amur alikuwa anangoja. Alimtazama mwenye nyumba wake kwa macho ya kijana wa miaka ishirini na tisa asiye na baba wa kumuuliza.

Bi Kaltham aliwaza harusi yake. Aliwaza jinsi bwana harusi alivyokuwa amekaa wima, amevaa joho, na jinsi yeye mwenyewe alivyosema nafsini mwake usiku ule: ana haya, atazoea. Aliwaza mtoto wao waliyemzika, na kwamba ndiyo mara pekee alipomwona Amur ameshika ukuta. Miaka yote ile alidhani mumewe ni mtu baridi. Kumbe alikuwa na moto, ila aliuacha mahali.

Alikuwa na haki ya kusema neno lake. Hakuna ambaye angemlaumu.

Akakaa kitandani karibu naye. Akazichukua nguo magotini mwake, akaanza kuzikunja kwa mkono mmoja, na kwa Kiingereza chake cha kuokota, silabi moja moja, akamwambia:

"Usende. Kaa hapa."

"Kweli?" mzee akauliza.

"Chumba chako hiki. Kaa."

Bwana Amur akalia kama watoto wanavyolia, kwa kamasi. Kisha akanywa chai yote, akala na mkate, akalala mpaka magharibi. Wijdan alikimbilia jikoni. Bi Kaltham alimaliza kukunja nguo, akazirudisha kabatini, kanzu na kanzu, kilemba na kilemba.

Baada ya hapo hakupigana tena, wala hakutafuta mlango. Aliishi miezi miwili na kitu. Alikufa mwezi wa Rajabu, asubuhi, katika usingizi, mkewe ameketi pembeni akimenya chungwa. Wanaume walimuosha, wakamzika kabla ya adhuhuri katika makaburi ya jangwani nje ya mji, kwa jiwe lisilo na jina kama walivyozikwa wote. Wanawake walikuja tanga, wakanywa kahawa, wakasema, "Alikuwa akikupenda, Bi Kaltham, hakutaka hata kuguswa na mwengine." Naye akaitikia alhamdulillahi.

Hasira zilimjia baadaye, watu walipokwisha ondoka. Zilimjia jikoni, zilimjia katika sala, akakata rakaa akaanza upya. Alitaka kumuuliza, na wa kuulizwa hayupo. Alimchukia kwa siku nyingi. Na katika siku hizo hizo, ikifika asri, masikio yalikuwa yanangoja kuitwa kwa jina la mwanamke mwengine.

Wijdan aliandika kwenye ule ukurasa kwamba babaake, aliyekaa Aldersby zamani, amefariki Oman. Hakutarajia kitu. Zikaja rambirambi za watu wasiomjua, na katikati yake mmoja aliyemjua: mwanamke mzee, mtoto wa kaka yake Misis Hobson. Alimkumbuka yule kijana wa chumba cha juu, alivyokuwa akimbebea makaa shangazi yake. Alikumbuka kituo cha treni siku ile alipoondoka, alivyoshindwa kupanda mpaka treni ikampita, ikabidi angoje ya jioni.

"Anauliza," Wijdan akasema, "ikiwa alimuoa yule msichana waliyemposea. Na ikiwa alipata raha." Kidole chake kilikuwa kinaelea juu ya kioo. "Nimjibu nini, Mama?"

"Mwambie alimuoa."

"Basi?"

"Mwambie walipata watoto watano, mmoja akafa."

Wijdan akaandika. "Na la raha?"

Bi Kaltham alikuwa amekaa sakafuni, kifundo kilichovunjika kimelala mapajani, hakijanyooka sawasawa wala hakitanyooka.

"Andika kwamba waliishi," akasema. "Sijui kwa Kiingereza mnasemaje. Waliishi, wakawa pamoja mpaka mwisho. Usiongeze."

Wijdan akapeleka jibu. Haikuchukua muda simu ikalia tena, lakini mama alikuwa amekwisha inuka, amejishika ukuta, anakwenda kutia maji jikoni, kwani Saud na watoto wake walikuwa njiani kutoka Maskati na hapakuwa na kitu kilichopikwa.