Gari Lililozima Langoni kwa Wakwe

Shida zangu zilianza mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa. Baba alifariki, nikaacha darasa la pili nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Kwa hivyo siku hizi nikipata kitu najigamba, sitawadanganya.

Juzi nilitoka Kaaga na wazee watatu kwenda Embu, mtaa wa Majimbo, kumposea mwanangu. Nilikuwa na gari langu jipya la petroli, fupi lakini limeinuka, injini ya lita moja na nusu yenye turbo. Njiani niliwachosha wazee: "Sikieni linavyopanda mlima! Pikapu yangu ya zamani ya dizeli ingekuwa inalia hapa."

Langoni nikakanyaga breki tufunguliwe. Injini ikazima, kimya. Na wakwe wote wamesimama wakitazama! Miaka arobaini nimejua gari likizima linasukumwa. "Shukeni, wazee, msukume!"

Lango likafunguliwa, wakasukuma wakiwa na suti zao. Nilipoachilia breki injini ikawaka yenyewe, gari likaruka ndani, wazee wakabaki nje wamelala kwenye matope.

Binti tuliyekuja kumposa akaja dirishani. "Baba, halijaharibika. Ukisimama linajizima lisile petroli bure. Hukusoma kitabu chake?"

"Kusoma ni kwenu," nikasema.

Baba yake alicheka mpaka akashika ukuta. "Watu wa kusukuma gari lisilo na shida ili wafike kwangu, nitawanyimaje msichana?"

Leo nina ekari tatu za majani chai, ng'ombe wanne wa maziwa, nyumba ya mawe, gari la petroli, na mkamwana.