Fundi Absalom na Mama Yake wa Miaka Minne

Fundi Absalom ana kifua kama mlango wa ghala na sauti ya kufukuza viboko. Ameunda mashua zaidi ya arobaini hapa Dunga, kando ya ziwa, na hakuna mvuvi aliyewahi kumrudia na malalamiko mara mbili. Mara ya kwanza ilimtosha. Hamwogopi chifu, hamwogopi askofu, na kiboko aliyepanda ufuoni mwaka juzi alirushiwa randa ya kichwa. Lakini ukitaka kumwona mtu huyu akitetemeka, ngoja saa moja asubuhi, wakati sauti nyembamba inapotoka ndani ya nyumba yake:

"Absalom! Kiatu!"

Hapo jitu zima linatupa msumeno, linaingia mbio, linapiga magoti. "Ndiyo, Mama. Hiki hapa, Mama. Tuanze na cha kulia, Mama?"

Mama mwenyewe ana miaka minne na hajajua kupenga kamasi.

Kama wewe si wa hapa, utahitaji maelezo. Kwetu mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, na wazee husema marehemu ndiye anayechagua. Mtoto mchanga akilia bila kukoma, watu humzunguka wakitaja wafu mmoja mmoja. Jina atakalolinyamazia ndilo lake. Binti wa Absalom alilia siku mbili. Wakataja mashangazi, wakataja mabibi, wakakaribia kuishiwa na wafu. Walipomtaja Amolo, mama mzazi wa Absalom aliyekuwa amefariki miezi mitano nyuma, mtoto akanyamaza kimya. Vigelegele! Nasike, mke wa Absalom, ambaye ni Mbukusu, si wa kabila letu, na akili zake zilikuwa zimetulia, anasema mtoto alinyamaza kwa sababu wakati huohuo alimtia titi mdomoni. Hakuna aliyemsikiliza. Watu wakishaanza kuimba, mwenye ushahidi hana kazi.

Sasa, kumwita mtoto kwa heshima ya marehemu si kosa. Sote tunafanya. Jirani yao Ooko ana mtoto anayeitwa Frankline, jina la babu yake, na kila asubuhi utamsikia: "Mzee, umeamkaje?" Halafu, bila kuvuta pumzi: "Mzee, toka kwenye matope hayo kabla sijakufikia!" Utani una mahali pake pa kuishia, na Ooko anapajua. Absalom alipapita akiendelea mbele, na hakuwahi kugeuka.

Kiti kikubwa chenye mito ni cha Mama. Absalom hukalia kigoda. Kichwa cha samaki, ambacho nyumba nyingine hupewa mgeni wa heshima, huwekwa mbele ya Mama, naye hukichokora jicho na kukiacha. Mama akikataa uji, "Mama hana hamu leo." Mama akimpiga mtu kwa mwiko, "Nani amemuudhi Mama?" Na kwa kuwa Nasike anaitwa Mama Amolo kama wazazi wote wanavyoitwa kwa majina ya watoto wao, ukipiga hesabu vizuri utaona kwamba Absalom amemwoa bibi yake mzaa mama. Tulimwambia. Hakucheka.

Nasike alijaribu. "Baba Amolo, mtoto ameniambia nifunge mdomo."

"Mama alikuwa hivyo tangu zamani," Absalom akajibu, uso umemkunjuka kwa fahari. "Alikuwa mkali, Mama."

Sisi tuliomjua marehemu tukatazamana. Yule mama alikuwa mpole hata akigongana na kuku njiani anamwomba radhi.

Mambo yaliendelea hivyo hadi Januari, Amolo alipoanza chekechea. Huko kuna watoto ishirini na wanane, na hakuna hata mmoja aliyehudhuria mazishi ya bibi yake. Akiamuru, wanamtazama. Akitaka bembea, anaambiwa kuna foleni. Neno foleni hakuwa amelisikia tangu azaliwe. Wiki ya kwanza aling'ata mtu kwa sababu ya bembea. Wiki ya tatu aling'ata mwingine kwa sababu ya kalamu ya rangi. Na Jumatatu moja, wakicheza kalongolongo, ule mchezo wa baba na mama na kupika udongo, Frankline alimwambia, "Kila siku wewe ndio mama. Leo uwe mtoto." Amolo akamwachia meno sita shavuni.

Bibi amemng'ata Babu. Dunga yote ilikuwa na habari kabla ya saa sita.

Jumanne Mwalimu Celestine akawaita wazazi. Mwalimu huyu ni mdogo wa umbo, mwenye chaki masikioni na subira isiyo ya kawaida, lakini nayo ina mwisho wake. Alimkalisha Absalom kwenye kiti cha chekechea. Magoti ya fundi yakafika masikioni.

"Baba Amolo, hii ni mara ya tatu."

"Huyo Frankline alimfanyia Mama nini?"

"Alimfanyia nani?"

"Amolo," Nasike akasahihisha, akitazama sakafu.

"Alimwambia awe mtoto," Mwalimu akasema. "Baba, nisikilize. Hajui kungoja zamu. Hajui kusema samahani. Akikasirika hajui kusema amekasirika, anajua meno tu. Wenzake wameanza kumkimbia. Jana wakati wa uji nimemkuta chini ya dirisha peke yake, anagombeza jiwe."

Jiwe lile lilimwingia Absalom.

"Ijumaa," Mwalimu akaendelea, "amwombe Frankline msamaha kwa mdomo wake mwenyewe. Akishindwa, akae nyumbani hadi mwakani akomae kidogo. Wazazi wengine wameshalalamika."

"Nitamwombea mimi."

"Hapana."

"Nimuundie Frankline kamashua kadogo. Ka mbao nzuri."

"Baba Amolo! Mtoto hafundishwi samahani kwa kuagizwa kama msumari dukani. Anaiona nyumbani, anaichukua. Wewe mara ya mwisho ulimwomba nani samahani hapo kwako?"

Absalom akainua macho, akalichunguza bati kwa makini sana. "Hii paa mliwekewa na fundi gani?" akauliza.

Nasike akatoka nje kucheka.

Jumatano ilipotea yote kwa maombi. Absalom alipiga magoti mbele ya kiti kikubwa. "Mama, tafadhali, sema samahani."

"Sema wewe."

"Hapana, Mama, useme wewe."

"Sema wewe, Absalom."

Mabishano hayo yaliendelea hadi ugali ukapoa, na lazima nikiri kwamba mtoto ndiye aliyekuwa na hoja. Huko Milimani kwa matajiri nasikia wana vitabu vizima vya kulea watoto, vyenye picha za mzazi na mtoto wakitabasamu juu ya nyasi. Absalom alikuwa na magoti yake tu, na hayo nayo yalikuwa yamechoka.

Alhamisi, watoto wa jirani walikuwa wakicheza ndani ya mashua mpya aliyokuwa akiimalizia, ikiwa bado juu ya magogo. Amolo akapanda, akasimama mbele. "Tokeni! Hii ni yangu!" Watoto hawakubishana. Walishuka mmoja mmoja, wakaenda zao kwenye mafunjo kutafuta vyura. Akabaki peke yake kwenye mashua ya nchi kavu, anaamuru, "Pigeni kasia! Pigeni!" Hakuna aliyepiga. Sisi tuliokuwa tukiziba nyufa kwa pamba tulicheka mpaka tukashika mbavu. Absalom hakucheka. Alisimama na nyundo mkononi, akimtazama.

Ndipo Nasike akaja na birika. Na Absalom, kama wanaume wengi wanaoumia mahali wasipoweza kupakuna, akatafuta pa kumalizia.

"Chai saa hii? Ulikuwa umelala wapi, mjinga wewe?"

Kabla Nasike hajafungua kinywa, kutoka kwenye mashua ikaja sauti ile nyembamba, "Chai saa hii? Ulikuwa umelala wapi, mjinga wewe?"

Ilikuwa na kila kitu: mkono kiunoni, kidevu juu, ule mkwaruzo wa mwisho. Nyundo zote zikasimama. Kwa miaka minne mtu huyu alikuwa akituambia kwamba ukali wa mtoto umetoka kaburini. Sasa aliusikia ukirudi kwake, na wala haukuwa wa marehemu. Ulikuwa wake, umepunguzwa kipimo tu.

Ooko, ambaye hana adabu ya kunyamaza, akasema, "Fundi, sijui kama ni mama yako huyo. Naona kama ni wewe."

Absalom akaweka nyundo chini. Akavua kofia. Akakohoa mara tatu. Akatazama juu, na kwa kuwa hapakuwa na paa, akalitazama wingu.

"Mama Amolo," akasema. "Basi. Samahani kwa hilo neno. Lakini na wewe hiyo chai..."

"Ondoa lakini," Nasike akasema.

Wingu likatazamwa tena. Nimewahi kuona watu wanang'olewa jino kwa amani zaidi.

"Samahani," akasema.

Halafu akageukia mashua. "Ma..." akaanza, akalimeza. "Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu. Na nadhani lilikuwa neno alilolitunza miaka minne bila kulitumia. "Shuka. Mama yako haongeleshwi hivyo. Na mimi sitarudia."

Amolo hakuwa amewahi kuambiwa shuka. Alitoa ukelele hata korongo wote wa ufuo wakaruka. Akalia, akapiga mbao mateke, akaita, "Absalom! Absalom!" Absalom akaanza kumwendea. Nasike akamkazia jicho. Akarudi, akakaa juu ya gogo, kama mtu aliyekalia misumari yake mwenyewe.

"Umekasirika," akamwambia mtoto, akiwa na haya mbele yetu. "Ni sawa. Kasirika. Mimi niko hapa."

Chai ilipoa. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa kuvuta kamasi. Mwishowe Amolo alishuka mwenyewe, akaja akaegemea goti la baba yake, akafuta kamasi kwenye suruali yake. Absalom hakusema "ndiyo, Mama". Alimfuta pua kwa kofia.

Sitaki mfikiri alilala shetani akaamka malaika. Asubuhi ya Ijumaa sauti ilitoka kama kawaida, "Absalom! Kiatu!" na tukamsikia akijibu, "Nyathina, mimi ni Baba. Leta kiatu hapa tuvae." Mzozo ukachukua nusu saa, wakachelewa shuleni.

Darasani, Frankline alisimama mbele na alama zake sita shavuni, akiwa amejiandaa kukimbia. Ooko alikuwa mlangoni, Nasike dirishani, Absalom nyuma kabisa akijaribu kujificha kwenye bango la herufi. Mwalimu Celestine akamgusa Amolo bega.

Amolo akaenda mbele. Akavua kofia ambayo hakuwa nayo. Akakohoa mara tatu. Akatazama bati kwa muda mrefu, hata mimi niliyekuwa nimechungulia tu nikatazama kuona kuna nini.

"Basi," akasema. "Samahani nilikuuma. Nilikasirika. Ondoa lakini."

Mwalimu akageukia ubao haraka, mabega yakimtikisika. Absalom aliinamisha kichwa.

Frankline alifikiri. Babu yake, wanasema, alikuwa mtu wa kujadiliana kwa uangalifu. "Leo utakuwa mtoto?" akauliza.

Amolo akamtafuta baba yake kwa macho. Absalom hakutikisa kichwa wala kuitikia. Alikuwa ameshika ukingo wa bango kama kasia.

"Nitakuwa mtoto," Amolo akasema. "Lakini mtoto wa kwanza."

Frankline akaona hiyo inaweza kuvumilika, wakaenda kutafuta udongo.