Injini Iliyooshwa kwa Ajili ya Maombi

Mama mkwe wangu alitoa tangazo moja tu kuhusu ile pikapu, na alilitoa mbele ya watu: isipowaka Jumapili mchungaji akija kuiombea, Jumatatu inauzwa kama chuma chakavu na mimi narudi jikoni. Hiyo sehemu ya jikoni ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa nimeolewa Naro Moru mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, na tayari majirani walikuwa wakisema mwalimu ameoa makanika.

Hawakukosea sana. Baba yangu alikuwa fundi wa magari Karatina, nami nilikulia chini ya magari ya watu. Mume wangu ndiye mwalimu, na kwa mambo ya magari alikuwa bure kabisa. Pikapu ilikuwa ya marehemu baba yake, imelala miaka sita kwenye kibanda karibu na ng'ombe. Niliifungua injini yote, nikabadilisha pete za pistoni na gasketi, nikaifunga tena, huku mume wangu akinipa spana, kila mara ile nisiyoitaka. Jumamosi alasiri iliwaka. Iliwaka, nawaambia! Tulikumbatiana na mafuta yote yale, tukarukaruka mpaka ng'ombe akashtuka, kisha tukaizima ili petroli isiishe. Bahati mbaya mama mkwe alikuwa ameenda mazishini. Aliporudi tukamwambia, naye akasema ataamini akisikia kwa masikio yake.

Jumapili, ibada ilipokwisha, mchungaji alikuja na wazee wa kanisa na kwaya nzima, kwa sababu kwetu gari haliingii barabarani kabla ya kuombewa. Nikafungua boneti. Mle ndani mlikuwa mnameta. Nilimtazama mume wangu kwa mapenzi nikidhani ndiye aliyepangusa. Baadaye aliniambia alidhani ni mimi. Akapiga stata. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikatema moto kidogo kupitia kabureta, halafu ekzosi ikalia kama bunduki na akina mama wa sauti ya kwanza wakajikuta wamekaa kwenye nyasi. Mzee mmoja wa kanisa alikimbilia kwenye mahindi na hakurudi mara moja.

Nilishikwa na kicheko, kile kicheko kibaya cha mtu anayetaka kulia. Petroli? Nikachungulia kabureta, imelowa. Moto? Nikachomoa waya moja ya plagi, nikaisogeza karibu na chuma, mume wangu akapiga stata, cheche ikaruka vizuri na mimi nikapigwa shoti hadi kiwiko. Kwaya ikaona heri ianze wimbo. Kila mwanamume alikuwa na maoni yake: huyu betri, yule baridi ya mlima, na mchungaji akauliza kwa upole kama haingefaa kuisukuma. Tukaisukuma, ikalipuka mara mbili. Mama mkwe alikuwa amesimama kando na kitambaa chake cheupe kichwani, kimya, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo.

Nikainama tena. Ikiwa moto uko na petroli iko, basi moto unafika mahali si pake. Hapo ndipo nilipoziangalia zile waya nne zinazotoka kwenye distributa, kile kinachogawa moto, kwenda kwa plagi. Zikifungwa sawasawa huwa zimepishana ovyo, kwa sababu moto hauendi kwa kufuatana: huenda plagi ya kwanza, ya tatu, ya nne, ndipo ya pili. Zangu zilikuwa zimelala kwa kufuatana, safi, hazigusani. Katika boma lile mtu wa kupanga vitu namna hiyo alikuwa mmoja tu. Hata kuni alizipanga kwa urefu.

Nikaelewa. Mama mkwe asingekubali kitu kichafu kiombewe. Aliamka kabla yetu, akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akachomoa waya, akazipangusa, akazirudisha vile jicho lake lilipenda. Nikamtazama, naye akatazama mlima. Neno moja tu, na kwaya ingemcheka mpaka Krismasi, na haki ya Mungu nilitamani kulisema. Kisha nikaona kucha zake. Zilikuwa nyeusi kwa grisi kama zangu. Mtu hapangusi hivyo gari analotaka kuliuza.

"Hizi waya nilizichanganya mimi," nikasema, nikazirudisha mahali pake.

Stata moja tu, ikawaka na kunguruma. Akina mama wakapiga ngemi, vile vigelegele vya kwetu, mimi nikapiga kuwashinda, mume wangu akamkumbatia mchungaji. Mchungaji alipoinua mkono aanze maombi, mama mkwe akapita mbele.

"Ngoja kwanza, Pasta. Huyu hakukosea. Hizo waya ni mimi nilizitoa nikiosha. Huyu anajua kazi yake."

Watu walicheka, ndiyo, na yeye akasimama pale akachekwa. Maombi yalipokwisha, mwanawe akafungua mlango wa dereva. Mama mkwe akamwambia apande nyuma na kwaya, akakaa mbele, akanikazia macho mpaka nikaingia na kushika usukani. Niliendesha mpaka barabara ya Nanyuki nikicheka na machozi yakinitoka, naye kando yangu akiwapungia mkono hata watu asiowajua.